Wapiga Zumari wa Kijijini kwa Madam Zhao

Sikwenda Uchina kwa kupenda kwangu. Nilikwenda kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia. Desemba ile ya 2014 shule zilikuwa zimefungwa, Baba alikuwa zamu ya usiku katika hoteli moja kule Al Barsha, hapa Dubai, na katika nyumba yetu ya Discovery Gardens hatuishi peke yetu. Chumba cha pili wamepanga vijana wa Kiganda wanaofanya kazi ya ulinzi. Ni watu wazuri, wanaosha hata sufuria zisizo zao, lakini Mama alisema uzuri wa mtu haupimwi kwa kumwachia binti wa miaka kumi na sita. Kwa hiyo tajiri wake alipomwambia wasafiri pamoja, Mama alijibu, "Inshallah, madam, lakini Naliaka naye aje."

"Khalas, basi," akasema Madam. "Aje."

Huyo ni Madam Zhao. Ana duka la taa katika soko la Wachina, na Mama ndiye msimamizi wake. Wateja wake wengi wanatoka Nairobi, Kampala na Dar, na kwa kukaa nao Madam amejifunza Kiswahili cha dukani, kile cha "rafiki, hiyo bei ya mwisho". Humu nimeyanyoosha maneno yake kidogo ili ninyi ndugu zetu wa Kitale mkisoma msipate taabu. Alikuwa anakwenda kwao kuchagua taa mpya viwandani, na alimtaka Mama kwa sababu Mama anajua taa gani itanunuliwa Eldoret na gani itakaa rafuni mpaka ishike vumbi. Lakini kwanza tungepitia kijijini. Baba yake Madam alikuwa anatimiza mwaka wa tatu tangu afariki, na kwao mwaka wa tatu ndio wa kuanua matanga.

Baba alitupeleka uwanja wa ndege asubuhi, alipotoka kazini, bado na tai shingoni. Alinipa glavu alizozinunua njiani. "Baridi ya kule si ya Kitale," akasema. Halafu akanong'ona, "Na ukiulizwa kitu, jibu. Usimwache Mama ajibu kila kitu." Nikatingisha kichwa. Ndivyo nilivyomjibu, kwa kichwa.

Aibu yangu mnaijua. Niko kwenye kwaya ya vijana kanisani, safu ya nyuma, na mara nyingi huchezesha midomo tu. Nyumbani, Mama huimba akipika. Ni wimbo mmoja wa kwaya tangu nikiwa mdogo, na kila akifika ubeti wa pili hupotea, akamalizia kwa mmh-mmh. Ubeti huo naujua wote. Sijawahi kumwambia. Nikihisi mtu anasikiliza, naacha.

Ndani ya ndege, baada ya chakula, Madam alitusimulia habari za baba yake. Alikuwa mkulima wa ngano na mahindi, lakini kijijini walimjua kwa zumari. Kijiji chao kina chama cha muziki. Wanachama si wanamuziki wa kazi. Ni wakulima, fundi baiskeli, kinyozi, mwalimu mstaafu. Mtu akifa, au sikukuu ya miungu yao ikifika, wanatoa vyombo kabatini na kwenda kupiga. Hawalipwi. Hawali hata chakula cha mfiwa. Chai na sigara tu, basi.

"Kama akina mama wa kanisa letu," Mama akasema. "Ukifiwa wameshafika na sufuria zao."

"Kama hao," akasema Madam. "Lakini na ngoma."

Mzee Zhao alikuwa amewapulizia zumari wafu wa kijiji chake tangu ujanani. Sasa ilikuwa zamu yake kupuliziwa, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mpuliza zumari alikuwa yeye. Aliyemrithi ni mwanafunzi wake, kinyozi aitwaye Mzee Geng, na kuna kipande kimoja, cha mwisho, cha kumsindikiza marehemu anapoagwa kabisa, ambacho Geng hakuwahi kukijifunza mpaka mwisho. Kaka yake Madam alitaka kukodi bendi ya mjini, yenye spika juu ya lori na mwimbaji wa kike mwenye gauni la kumetameta. Lakini penye bendi ya kukodi chama cha kijiji hakiji. Ukichukua moja, umeikataa nyingine.

"Kaka anasema tusikilize mazoezi," Madam akasema. "Kipande kikikatika, anapiga simu mjini. Si mtu mbaya, kaka yangu. Kwetu wanaamini muziki ukikatika mbele ya marehemu, na yeye husimama njiani. Hafiki."

Kisha akageukia dirisha. Mimi nimemzoea Madam akigombana na madereva wa malori na kuwashinda. Sikujua kwamba naye huogopa kitu.

Beijing tulifika alfajiri ya kesho yake, baada ya kubadilisha ndege njiani. Mlango wa uwanja ulipofunguka, baridi iliniingia puani kama pilipili ya kukaanga. Kaka yake Madam, Bwana Zhao, alikuwa akitungoja na gari. Ni mtu mnene, mpole, mwenye simu mbili. Tuliendesha kuelekea kusini karibu asubuhi nzima. Nchi ni tambarare kabisa, hakuna hata kilima kimoja cha kupumzishia macho. Miti imesimama mistari mirefu bila jani, na juu yake viota vya ndege vinaonekana kimoja kimoja. Chini, ngano fupi ya kijani imejibana ardhini kama inayosubiri kuambiwa isimame. Mama aliitazama akasema, "Hii ingekuwa Kitale ng'ombe wangeshaila." Madam alicheka kwa mara ya kwanza tangu Dubai.

Kijijini, nyumba zote ni za matofali na zina mageti makubwa, na kila geti lina karatasi nyekundu zilizoandikwa maandishi meusi, za heri ya mwaka mpya uliopita, zimechakaa kwa jua. Geti la akina Madam halikuwa na kitu. Madam alitueleza kwamba nyumba yenye msiba haibandiki karatasi nyekundu mpaka matanga yaanuliwe. Miaka yote mitatu mama yake alikuwa akipita mbele ya mageti mekundu ya majirani na kuingia kwenye lake tupu.

Huyo mama ndiye nitakayemwita Nyanya. Ni mfupi kuliko mimi, amevaa koti la pamba lililomfanya mviringo, na mikono yake ina nguvu ajabu. Alinishika mashavu, akanigeuza huku na huku, akasema kitu.

"Anasema umekonda," Madam akatafsiri. "Anauliza, Dubai hawapiki?"

Tulilazwa kwenye kitanda cha matofali ambacho chini yake hupita moto wa jikoni. Mnalala juu ya jiko, kwa kifupi. Ukutani palikuwa na picha ya Mzee Zhao, uso mwembamba, masikio makubwa. Kati ya chumba hicho na jikoni hapana mlango, ni pazia zito tu la kitambaa.

Alasiri ya siku ya pili chama kilikuja kufanya mazoezi uani. Nilidhani watakuja watu wenye sare. Wakaja wazee tisa au kumi hivi, wengine na matope ya shamba kwenye viatu, mmoja na mkasi wa kunyolea mfukoni. Huyo ndiye Mzee Geng. Walifungua vitambaa wakatoa vyombo. Zumari yao ni fupi, nene, ya mti mweusi, na ulimi wake wa tete ni mpana kama kidole gumba. Geng aliutia ulimi huo kwenye kikombe chake cha chai ulainike. Kulikuwa na visahani vya shaba vilivyotundikwa kwenye fremu ya mbao, matoazi, ngoma kubwa, na chombo ambacho sijawahi kukiona: fungu la mianzi myembamba iliyosimama pamoja, unalishika kwa mikono miwili kama unayekunywa uji, na unapiga kwa kuvuta pumzi na kwa kuitoa. Wanakiita sheng. Mama, ambaye hunigombeza nikiongea Sheng ya vijana wa Nairobi, alinitazama. "Umeona? Hata huku imekutangulia."

Kwanza hawakupiga. Waliimba. Wana silabi zao, kama do-re-mi, na kila mtu aliimba silabi hizo macho yakiwa kwenye kitabu kilichofunguliwa mezani. Lakini nilipochungulia, kitabu kilikuwa na silabi chache tu, na wao waliimba nyingi zaidi. Nikamwuliza Madam. (Baba, kama unasoma: niliuliza mwenyewe.)

"Kitabuni ni mifupa," akasema. "Nyama iko mdomoni. Lazima mtu akuimbie, nawe uimbe nyuma yake, msimu wa baridi baada ya msimu wa baridi. Ndiyo maana Geng amekwama. Mifupa ya kipande cha mwisho anayo. Nyama alizikwa nayo baba."

Kisha wakapiga. Sijui niwaelezeje. Mwanzo ngoma peke yake, polepole, kama mtu mzito anayepanda ngazi. Halafu zile sheng, zote kwa pamoja, sauti isiyokatika kwa sababu hata mpigaji akivuta pumzi chombo kinaendelea kulia. Sauti hiyo ilijaza ua kama maji yanavyojaza beseni, ikapanda mpaka kifuani pangu. Na juu yake zumari ikaingia. Ilikuwa kali, karibu mbaya, kama sauti ya mtu aliyelia mpaka sauti ikapasuka na bado anaendelea. Nywele zilinisimama ndani ya kofia. Wale wazee wenye matope walikuwa wamebadilika. Hakuna aliyetabasamu, hakuna aliyetazama watazamaji, kwa kweli hata hawakukaa wakituelekea. Walikuwa wamekaa wakitazamana wao kwa wao pande mbili za meza, kama watu wanaobeba kitu kizito kati yao na hawataki kiinamie upande.

Vipande vya kwanza vilikwenda vizuri. Walipofika cha mwisho, zumari ilienda, ikaenda, kisha ikayumba na kunyamaza. Wakarudia. Ikayumba palepale. Bwana Zhao alikuwa mlangoni. Alitoa simu moja mfukoni na kuikagua kama ina chaji.

Nilikuwa sasa nimeingia jikoni, kwa sababu Nyanya aliniita kwa mkono nisaidie kusukuma unga wa tambi. Kazi hiyo naijua. Kibao ni kama cha chapati, kifimbo kirefu kidogo tu. Uani wakaanza tena kipande cha mwisho. Nyanya alikuwa akisukuma, uso kwenye unga. Walipokaribia pale pa kuyumbia, aligonga kibao kwa kifimbo. Ko.

Uani kukawa kimya.

Wakaanza tena. Walipofika pale: ko. Halafu ko-ko. Nikamtazama Nyanya, naye akaendelea kusukuma unga kama kwamba aliyegonga ni paka. Uani nilimsikia Mzee Geng akiwaambia wenzake kitu kwa sauti ndogo, na wakaanza tena, safari hii taratibu, wakisubiri. Ko, ikasema jikoni, na matoazi yakaingia pale pale. Ko-ko, na ngoma ikafuata. Kumbe walikuwa wakiingia mapema muda wote. Mama na Madam walikuja wakasimama pembeni ya pazia. Madam alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Baada ya kurudia mara kadhaa, Mzee Geng akaja mwenyewe mlangoni, zumari mkononi. Akasimama nje ya pazia, hakulifunua.

"Shemeji," akasema, na Madam akatunong'oneza maana yake, "mapigo tumeyapata. Bado pale katikati panapopanda. Utuimbie mara moja tu."

"Geng mdogo," akajibu Nyanya. Huyo Geng mdogo ana mvi kichwa kizima. "Mimi napika."

"Shemeji, tunajua unakijua."

"Nasukuma tambi. Kama mna njaa semeni."

"Hatuli nyumba ya mfiwa, shemeji, unajua."

"Basi nendeni mkapige."

Alirudi. Walipiga tena, na kwa msaada wa kifimbo walifika mwisho bila kukatika, ingawa pale katikati zumari ilipita juu juu, kama mtu anayevuka daraja bovu. Bwana Zhao akarudisha simu mfukoni. "Haya," akasema. "Chama. Lakini kikikatika kesho, dada, tumemwacha baba barabarani mimi na wewe."

Jioni ile tukila, Madam alimwuliza mama yake kwa nini hakuimba. Nyanya alikoroga tambi zake mpaka bakuli likapoa. Halafu akaeleza, kwa vipande, huku Madam akitufasiria.

Zamani wanawake hawakuingia nyumba ya muziki. Alipokuja hapa akiwa bibi harusi, mumewe aliwafundisha vijana kuimba silabi hapa hapa, juu ya kitanda cha matofali, jioni za baridi, na yeye alikuwa nyuma ya pazia kwenye jiko. Mwaka wa kwanza mumewe alimwambia, "Mambo haya si ya wanawake, usisikilize." Naye akajibu, "Sisikilizi." Ndivyo alivyosema maisha yao yote. Kila mara aliulizwa, kila mara alisema alikuwa akipika.

"Nikiimba," akasema Nyanya, "atajua nilikuwa nikisikiliza."

Mama alichukua bakuli lake akalijaza tena supu ya moto. Mimi nilikuwa natazama tambi zangu. Katika meza ile nadhani mimi ndiye niliyemwelewa kuliko wote.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na jua jeupe lisilo na joto. Meza iliwekwa nje ya geti, juu yake picha ya Mzee Zhao, matunda, ubani. Pembeni walisimamisha farasi wa karatasi, mkubwa kama wa kweli, na gari la karatasi, na redio ya karatasi kwa sababu mzee alipenda taarifa ya habari. Vitu hivyo huchomwa vimfikie. Mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Sisi tutasimama tu, tuinamishe vichwa. Tumekuja kumlilia baba wa mtu. Mungu hilo analijua." Tukasimama kando ya ukuta. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja, na mwanzoni walitutazama sisi kuliko picha, ila chama kilipokaa mezani kila mtu akageuka.

Wafiwa walipiga magoti mbele, wamejifunga vitambaa vyeupe kichwani: Nyanya, Bwana Zhao na mkewe, Madam. Nilimtazama Madam Zhao wa duka la taa akiweka paji la uso kwenye udongo.

Walipiga kipande kimoja baada ya kingine. Upepo ulikuwa umelala. Nilisikia mlio wa zumari ukigonga ukuta wa mwisho wa kijiji na kurudi. Nilidhani nimeshauzoea, kumbe sivyo. Mbele ya picha ile ulikuwa kitu kingine. Wazee wale walikuwa hawampigii mtu waliyesikia tu habari zake. Walikuwa wanampigia aliyewafundisha pa kuweka vidole.

Kikaja cha mwisho. Ngoma, sheng, zumari. Matoazi yaliingia mahali pake, nikaona Mzee Geng akipumua. Lakini hapakuwa na kifimbo sasa. Zumari ikafika pale panapopanda, ikapanda hatua moja, ya pili, na ikapotea. Geng aliendelea kuishika mdomoni. Mashavu yake yalikuwa yamejaa pumzi na macho yamefunguka, lakini vidole havikujua pa kwenda.

Sheng hazikuacha. Wapigaji waliendelea kuvuta na kutoa pumzi kwenye sauti ileile moja, wakimngoja, na niliona mabega yao yakianza kutetemeka. Ngoma ilingoja. Bwana Zhao aliinua kichwa kutoka chini. Madam hakuinua chake. Nilitamani mtu yeyote afanye kitu chochote.

Nyanya akaimba.

Alikuwa bado amepiga magoti, mgongo umenyooka, macho kwenye ile picha. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya mikwaruzo, sauti ya mtu ambaye hajaimba mbele ya watu hata siku moja. Aliimba zile silabi, zote, mifupa na nyama, akapanda pale pa kupanda, akazunguka kileleni mahali ambapo zumari haikuwahi kufika, akashuka polepole. Sheng zilimfuata chini yake. Mwenye visahani vya shaba akaanza kumgongea, kwa wepesi sana. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, na sauti yenyewe haikuwa nzuri. Nilishika mkono wa Mama.

Alipofika bondeni, zumari ya Mzee Geng iliingia tena kwa hofu, kisha kwa nguvu, na kipande kikaenda mpaka mwisho wake. Hakikukatika.

Baada ya hapo tulikwenda makaburini kwa maandamano, katikati ya ngano, muziki ukitangulia. Farasi wa karatasi alishika moto upande mmoja na kwa kitambo alionekana kama anakimbia. Kisha wafiwa wakavua vitambaa vyeupe. Madam alimsaidia mama yake kukifungua chake, lakini Nyanya alibaki amekikunja mkononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefumaniwa.

Mzee Geng akamsogelea. Akamwinamia kwanza. Kisha akasema, na Madam akatufasiria huku akijifuta pua: "Shemeji, alijua."

Nyanya akakikunja kitambaa mara nyingine.

"Tulipokuwa tunajifunza pale kwako, hiki cha mwisho alikuwa akikiimba mwenyewe, sisi tukivaa viatu tuende zetu. Na pale katikati alikuwa akirudia mara mbili, kila siku. Nikamwuliza, mwalimu, mbona unarudia na sisi tunaondoka? Akasema, kuna mtu nyuma ya pazia bado hajapashika."

Upepo ulipuliza majivu kidogo juu ya ngano. Nyanya aligeukia kaburi.

"Mwongo huyu," akasema, akimwambia mume wake, si Geng. "Nilipashika mara ya kwanza."

Mzee Geng alicheka, halafu akalia, na wale wazee wote wakageuka kushughulikia vyombo vyao vilivyokuwa havina shida yoyote. Tulirudi nyumbani. Wanachama wa chama walikunywa chai wakiwa wamesimama, wakawasha sigara, wakaenda zao mashambani na dukani kwao, na Geng akaenda kumnyoa mtu aliyekuwa anamngoja tangu asubuhi. Lakini kabla hajatoka alisema kitu pazia likiwa wazi, na Nyanya akamjibu kwa ukali. Nikamwuliza Madam wamesemaje.

"Amemwambia jioni kesho watakuja kujifunza. Mama amesema waje wamefuta viatu."

Siku ya kuondoka, Bwana Zhao alikuwa juu ya kiti akibandika karatasi nyekundu getini, na Nyanya chini akimwambia imepinda. Mwaka mpya wao ulikuwa bado mbali, lakini Madam alisema mama yake amekataa kungoja. Nyanya alinishika mashavu tena. Hatukuwa na lugha, mimi na yeye. Niligonga geti kwa kidole: ko, ko-ko. Akanipiga kofi dogo begani, akageuka upesi.

Viwanda vya taa sitavisimulia, Mama atawasimulia akija, maana alichagua taa za dari mpaka Madam akasema yalla, twende, zinatosha. Tulirudi Dubai mchana, Baba akatupokea, joto la Desemba likatuvua makoti. Barabara ya kwetu ilikuwa vilevile, majengo yanayofanana, pamoja na bustani zake, lakini mimi nilikuwa nasikia vitu. Nilisikia Waganda wa chumba cha pili wakipiga mluzi wakipiga pasi sare. Nilisikia mtu wa ghorofa ya juu akimbembeleza mtoto kwa lugha nisiyoijua. Nyumba hii ina kuta nyembamba sana, na nilikuwa nimeishi ndani yake nikidhani kinachopita ni kelele tu.

Nilichojifunza ni kidogo. Kule, muziki si wa aliye hodari. Ni wa aliyekuja. Na mtu anaweza kuishi na mwenzake maisha yote, pazia likiwa kati yao, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayejua.

Jioni iliyofuata Mama alikuwa jikoni akikaanga sukuma wiki, na akaanza wimbo wake. Nilikuwa chumbani, mlango umeegeshwa. Akaufikia ubeti wa pili. Akapotea. Mmh-mmh.

Niliinuka nikasimama karibu na mlango, bila kuufungua, nikauimba ubeti ule. Sauti ilitoka na mikwaruzo. Jikoni mwiko ulisimama. Nikaimba mpaka mwisho wa ubeti.

Kisha nikasikia Mama akipunguza gesi.

"Naliaka," akasema. "Rudia. Sikuushika."

Najua aliushika mara ya kwanza. Nikafungua mlango, nikarudia.